Mchekeshaji anachuma harusini, kisha fedha zote zinaishia kwenye katuni na filamu zake mwenyewe: anatafuta nini?

Mhariri wa Mabatini (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Kuna mchekeshaji hapa Mwanza ambaye nimemhaririria kazi zake kwa miaka mitatu, na sitamtaja kwa kuwa hajaniruhusu. Wengi mnamwona kwenye klipu fupi za simu na kwenye harusi anakokuwa mshereheshaji, na huko ndiko inakotoka riziki yake. Msichokijua ni kwamba karibu kila shilingi inayobaki baada ya kodi ya nyumba na ada za watoto inakwenda kwenye kazi mbili ambazo hakuna aliyemwagiza. Ya kwanza ni katuni ya dakika tano kuhusu bibi wa Ukerewe anayegombana na upepo wa ziwa. Ya pili ni filamu fupi ya wavuvi wa dagaa, na hiyo haina kichekesho hata kimoja.

Wiki iliyopita mke wake aliniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi ninaelewa mume wake anatafuta nini huko, nami nikakosa la kumjibu. Dai langu, ambalo naliweka hapa mlipime, ni kwamba hizi zinazoitwa kazi za pembeni ndizo kazi zake hasa, na uchekeshaji ni mtumbwi tu wa kumvusha. Mnaonaje?

Mzawa wa Igogo
Anatafuta mali, mkuu, wala halihitaji falsafa. Kichekesho cha harusini kinakwisha viti vikishakusanywa, na klipu ya simu inaibwa na kurushwa na kurasa nyingine kabla hajaamka. Mhusika wa katuni ni kitu kingine. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na mhusika wa kuchorwa hazeeki, haumwi koo, wala hasafiri usiku kurudi kutoka Geita akiwa amechoka. Huyo bibi wa Ukerewe akipendwa, wajukuu wa mchekeshaji watakula kwake.

Binti Nyegezi
Nakubaliana na mleta mada zaidi kuliko na Igogo. Mtazameni Terry Gilliam wa kundi la vichekesho la Monty Python, lililoanza kuonekana katika televisheni ya BBC mwaka 1969. Wenzake walikuwa Waingereza wa kuandika na kuigiza, naye alikuwa Mwingereza aliyejifungia chumbani usiku akikata picha za zamani kwa mkasi na kuzisogeza kidogokidogo mbele ya kamera. Katuni zake zilitumika kuunganisha vichekesho vya wengine, kama gundi. Kisha ni yeye aliyegeuka kuwa mwongozaji mkubwa wa filamu. Kilichoonekana cha pembeni ndicho kilichombeba.

Mwalimu wa Buzuruga
Binti Nyegezi, hoja yako ni nzuri lakini usahihishe jambo moja. Gilliam hakuzaliwa Uingereza. Alizaliwa Minneapolis, Marekani, mwaka 1940, akahamia Uingereza akiwa mtu mzima. Naliona hili kuwa na uzito katika mjadala wetu, kwa sababu alikuwa mchoraji kabla hajawa mchekeshaji. Kwa hiyo mfano wako unaweza kusomwa kinyume: si mchekeshaji aliyekimbilia katuni, bali mchora katuni aliyeokotwa na wachekeshaji.

Naongeza jambo ambalo huwa nawaeleza wanafunzi wangu wa sanaa. Ule mguu mkubwa unaoshuka na kuponda kila kitu katika ufunguzi wa kipindi hakuuchora yeye. Aliukata kutoka kwenye mchoro wa Bronzino, Mwitalia wa karne ya 16, ambao uko kwenye jumba la National Gallery, London. Mtu asiye na fedha za kuajiri wachoraji aliingia kwenye hazina ya marehemu akachukua alichokihitaji.

Binti Nyegezi
Shikamoo, Mwalimu, na asante kwa sahihisho. Hata hivyo sioni kama linaniangusha: awe alianzia huku au kule, kazi aliyoifanya peke yake usiku ndiyo iliyodumu.

Kikokotoo
Kabla hatujaenda mbali, tuhesabu. Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde. Dakika tano ni sekunde 300, kwa hiyo huyo ndugu anadaiwa picha 7,200. Akichora 15 kwa siku bila kupumzika hata Jumapili, ni siku 480. Je, mke wake anajua hesabu hii?

Mhariri wa Mabatini (mleta mada)
Kikokotoo, umezidisha. Wachoraji wengi huishikilia kila picha kwa nafasi mbili, hivyo sekunde moja inahitaji michoro 12, na jumla inakuwa 3,600. Isitoshe, bibi wetu hachorwi upya kila mara. Ameundwa kwa vipande: kichwa, mikono, kanga na viganja vya aina kumi, na tunavisogeza ndani ya Blender, programu ambayo haiuzwi, inapatikana bure.

Mandhari ndiyo yametupendelea. Mwanza ni mji wa miamba, na mwamba hausogei. Ukilichora Jiwe la Bismarck vizuri mara moja, unalitumia asubuhi, mchana na jioni kwa kubadili rangi tu. Maji ndiyo yaliyotutesa. Ziwa likitulia linaonekana kama sakafu ya saruji, likichafuka linahitaji michoro mingi kuliko bibi mwenyewe. Mwisho tulifanya mzunguko wa michoro 12 ya mawimbi inayojirudia, tukapitisha magugu maji juu yake ili jicho lisiugundue mrudio.

Kikokotoo
Nimeelewa, na ninaifuta 7,200. Ila kwa televisheni zetu ni picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo mtakapoipeleka huko mkumbuke ile moja inayozidi.

Jiwe Juu ya Jiwe
Mimi nina neno la tahadhari kwa huyo ndugu, na ninalisema kwa uchungu. Kaka yangu, ambaye naye alikuwa akichekesha majukwaani, aliuza kiwanja cha Igoma mwaka 2016 ili atengeneze filamu yake mwenyewe. Aliitengeneza. Msambazaji mmoja aliichukua kwa maneno ya mdomo, akamlipa malipo ya kwanza, na ya pili hayajafika mpaka leo. Kaka sasa anauza vifaa vya umeme. Filamu ninayo, nimeitazama mara nyingi, na ni nzuri kweli.

Najua mtanitajia Robert Townsend, mchekeshaji wa Marekani aliyeitoa Hollywood Shuffle mwaka 1987. Alitumia akiba yake ya takriban dola 60,000, kisha akakopa takriban 40,000 kwa kadi za benki, na akawa anaomba mabaki ya utepe wa filamu kutoka kwa waliokuwa wakipiga filamu nyingine. Hadithi hiyo inasimuliwa kwa sababu ilifaulu. Wale walioshindwa hawasimuliwi popote isipokuwa katika familia zao.

Mzawa wa Igogo
Pole sana, ndugu Jiwe. Lakini ona kwamba kilichomwangusha kaka yako ni kukosa mkataba wa maandishi, na hapo tunarudi kwenye hoja yangu ya kwanza: suala ni mali, na mali hulindwa kwa karatasi.

Jiwe Juu ya Jiwe
Hapana, Igogo. Kaka hakulia kwa sababu ya fedha. Alilia kwa sababu watu wa mtaani hawakuiona ile filamu.

Mpenda Sinema Kirumba
Townsend alikuwa anajibu jambo mahususi: waigizaji weusi wakati ule walikuwa wakipewa nafasi za majambazi na watumishi, naye akatumia vichekesho kulilalamikia hilo kwa filamu nzima. Jordan Peele naye alitoka kwenye vichekesho vya televisheni, akatoa filamu huru ya kutisha mwaka 2017, akapata tuzo ya Oscar ya hadithi bora ya kuandikwa moja kwa moja kwa ajili ya filamu. Kwa maoni yangu mchekeshaji hukimbilia filamu anapokuwa na jambo ambalo hadhira haitamruhusu aliseme bila kucheka. Ukisimama jukwaani ukanyamaza sekunde tano, watu wanadhani umesahau. Ndani ya filamu, sekunde tano za kimya ni zako.

Mwalimu wa Buzuruga
Hoja ya kimya nimeipenda, lakini hilo neno «huru» linanitatiza. Filamu hiyo ya Peele iligharimu takriban dola milioni 4.5 na ikasambazwa na Universal, moja ya kampuni kubwa kabisa za Marekani. Kwao ni fedha ndogo. Hapa kwetu, kwa fedha hizo, ungepiga filamu kila mwezi mpaka ustaafu. Je, uhuru ni udogo wa bajeti, au ni kutokuwa na mtu wa kukuambia ondoa hiki?

Mpenda Sinema Kirumba
Ni hilo la pili, Mwalimu. Ingawa nakiri kwamba bila lile la kwanza, la pili halipatikani mara nyingi.

Abiria wa Kamanga
Kwa nini tunakwenda mpaka Marekani wakati jibu liko ng'ambo ya ziwa letu hili? Mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama isiyofika dola 200, kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kutokana na vipuri. Nakala ya awali ya filamu ile haipo tena, kwa kuwa aliifuta ili apate nafasi ya kutengenezea inayofuata. Tunayoitazama leo ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, mchekeshaji anayesimulia na kutania juu ya picha mwanzo hadi mwisho. Yaani kichekesho, kilichodhaniwa kuwa nyongeza, ndicho kilichoiokoa filamu.

Nasi tuliozoea vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, tunaijua sanaa hiyo. Nani amemsahau Lufufu, yaani Derek Mukandala, akitufasiria filamu za nje kwa Kiswahili na kuwapa wahusika maneno ambayo hawakuyasema? Ninavyoona mimi, kwetu mchekeshaji hajawahi kutoka nje kuja kwenye filamu. Alikuwemo ndani tangu mwanzo, ila jina lake halikuandikwa popote. Huyo ndugu yenu anarudi nyumbani tu.

Mjukuu wa Kisesa
Abiria ameniwashia taa, nami narudi nyuma zaidi yake. Kwetu Bujora, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma ya mwezi wa Juni, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule mwenye watu wengi zaidi upande wake. Kwa hiyo kila kundi hutafuta kitu cha kuwavuta watu wa kundi lingine: nyimbo za kuwasuta wapinzani, nyoka wakubwa, mavazi ya kustaajabisha. Humo pia mlikuwamo sanamu za mbao zenye viungo vinavyosogea, ambazo mchezaji alizichezesha mbele ya watu kana kwamba zina uhai. Marehemu babu alikuwa Mgika, na alikuwa akituambia kwamba watu walicheka kwanza, kisha wakaogopa, kisha wakahama upande.

Kipande cha mbao kinachochezeshwa na mtu anayechekesha: kama hiyo si katuni, ni nini? Mleta mada amwambie mke wa mchekeshaji kwamba mumewe anafanya kazi ya wazee.

Binti Nyegezi
Ninakuunga mkono, Mjukuu, lakini wale wazee walikuwa na uwanja na watu mbele yao, na walijua jioni ile ile nani ameshinda. Huyu anafanya kazi miaka mitatu bila kusikia hata kicheko kimoja. Sidhani kama ni kitu kimoja.

Mama Sengerema
Naomba nami niseme, maana mmeyataja mambo ya kwetu. Tangu nikiwa msichana, kila kichekesho cha redioni na cha televisheni kikihitaji mshamba, anapewa lafudhi ya Kisukuma. Anashangaa taa, anapotea stendi, anatapeliwa. Sikatai kwamba nimecheka mara nyingi, na Wasukuma hatununi kwa utani. Lakini mwanangu wa miaka tisa ameanza kuificha lafudhi yake anapozungumza na watoto waliotoka Dar es Salaam, na hilo limeniumiza.

Swali langu kwa mleta mada ni hili: huyo bibi wa kwenye katuni anazungumzaje, na je, ndiye anayechekwa?

Mhariri wa Mabatini (mleta mada)
Mama Sengerema, shikamoo. Swali lako ndilo lililotuchelewesha miezi minne mwaka jana. Toleo la kwanza la sauti, mchekeshaji aliliingiza mwenyewe kwa lafudhi ile ile inayomlipa harusini, na kila tuliyemsikilizisha alicheka papo hapo. Yeye hakucheka. Alisema bibi huyu anaushinda upepo kwa akili, na kwa sauti hiyo hakuna atakayeamini kwamba ana akili. Tukaifuta yote. Sasa tunatafuta mama mtu mzima wa Ukerewe aseme maneno hayo kwa namna anayozungumza kila siku, bila kuigiza.

Mama Sengerema
Marahaba, mwanangu. Hapo mmefanya jambo.

Mzawa wa Igogo
Ila wakuu, tusijidanganye kwamba katuni ina soko hapa Tanzania. Hakuna anayezitengeneza.

Mwalimu wa Buzuruga
Igogo, hapo umeteleza. Ubongo Kids inatengenezwa Dar es Salaam na ilianza kurushwa mwaka 2014. Watoto wangu wamejifunza kuzidisha kwa nyimbo zake. Kabla yake, Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC kuanzia mwaka 2010, kwa mtindo wa rangi uliotokana na mchoraji wetu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Naye Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, ndiye aliyewaletea Wakenya vikaragosi vya wanasiasa kwenye The XYZ Show mwaka 2009.

Kama ungesema hakuna anayetengeneza katuni *kwa ajili ya watu wazima na kwa fedha yake mwenyewe*, ningekubaliana nawe kwa kiasi kikubwa. Kazi zote nilizozitaja zilikuwa na taasisi au wafadhili nyuma yake.

Kikokotoo
Basi tuje kwenye wafadhili. Mwaka 2012 watu 5,770 walichangia dola 406,237 kwa njia ya mtandao ili katuni ya vikaragosi iitwayo Anomalisa itengenezwe. Mwandishi wake ni Charlie Kaufman, lakini mradi ulibebwa na studio ya mchekeshaji Dino Stamatopoulos, ambayo hata jina lake, Starburns, limetokana na mhusika aliyemwigiza katika tamthilia ya vichekesho ya televisheni. Miaka mitatu baadaye ilishinda tuzo kubwa ya majaji kule Venice. Sisi Watanzania ndio mabingwa wa kuchangishana. Kadi ya harusi moja inakusanya mamilioni ndani ya mwezi. Kwa nini mshereheshaji asiye na adui mji mzima asiunde kamati ya katuni?

Jiwe Juu ya Jiwe
Kikokotoo, mchango wa harusi ni deni. Mimi ninakuchangia leo kwa sababu kesho binti yangu ataolewa nawe utanirudishia. Katuni ya mwenzangu itanirudishia nini?

Kikokotoo
Wale 5,770 walirudishiwa nini kikubwa? Walitaka tu kitu hicho kiwepo.

Fundi Sauti wa Mkolani
Nimesoma uzi wote nikaona sauti zimesahaulika isipokuwa ile ya bibi. Gilliam, aliyetajwa na Binti Nyegezi, sauti nyingi za katuni zake alizitengeneza mwenyewe nyumbani, kwa mdomo na kwa vyombo vya jikoni. Nami nimefanya hivyo kwa matangazo ya redio. Dagaa wakavu wakimwagwa kwenye turubai hawasikiki kama dagaa ukiwarekodi wenyewe, wanasikika kama majani. Mwaga mchele kwenye ungo, taratibu, kipaza sauti kikiwa chini ya ungo, hapo utapata dagaa. Kasia linalogusa ubavu wa mtumbwi ni mwiko wa kusongea ugali kwenye beseni la mbao lenye maji nusu. Upepo usiupulize kwa mdomo: funga kanga kavu kwenye kiti, uivute polepole.

Kwa mleta mada: mashine ya boti mmeipataje?

Mhariri wa Mabatini (mleta mada)
Asante, fundi, jaribio la ungo nitalifanya kesho. Mashine tulirekodi ya kweli, mwaloni Kirumba, saa kumi na moja alfajiri, kabla kelele za soko hazijaanza.

Na kwa kuwa umeigusa filamu ya wavuvi, niseme kilichotusumbua. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika kwa sababu dagaa hawafuati taa. Waigizaji wetu ni wavuvi wenyewe. Kwa hiyo usiku ambao wana nafasi ya kuigiza ni usiku wa mbalamwezi, na filamu inahitaji giza. Usiku ambao kuna giza, wao wako kazini. Mchekeshaji aliamua tupande nao mitumbwini wakati wa kazi halisi, watu wawili tu, kamera moja, bila kumwambia mtu rudia. Mazungumzo mengi yaliyokuwa kwenye karatasi hayakusemwa. Yalisemwa mengine, bora zaidi, na kwa saa nzima hakuna aliyemwomba achekeshe. Aliporudi nchi kavu alikaa juu ya jiwe muda mrefu bila kuzungumza. Sijawahi kumwona hivyo.

Mpenda Sinema Kirumba
Huo ndio ushahidi wa hoja yangu ya kimya.

Abiria wa Kamanga
Au ni ushahidi wa yangu. Alikaa na watu wake bila jukwaa katikati.

Mchora Vibonzo Ilemela
Wakuu, nachelewa kuingia. Mimi nafanya kazi hizi na napenda kuwatia moyo kwa mfano mmoja wa karibuni. Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitengenezwa kwa Blender, programu hiyo hiyo ya bure anayoitumia mleta mada, na mwaka 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni. Kabla yake Zilbalodis alikwisha kutengeneza filamu ndefu nyingine akiwa peke yake kabisa.

Ila hifadhini kazi zenu mahali pawili. Nilipoteza kazi ya siku tisa umeme ulipokatika wakati kompyuta ikitoa picha za mwisho, kazi ambayo sisi tunaiita kurenda, kwa sababu nilikuwa naitoa kama video moja ndefu. Toeni picha mojamoja kwenye folda. Umeme ukirudi, mnaanzia pale ulipoishia.

Mhariri wa Mabatini (mleta mada)
Ushauri wa dhahabu, mkuu. Nimeanza kuufuata usiku huu.

Leo jioni nilimsomea mchekeshaji uzi wote, yeye na mke wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu mali, kimya, vibanda umiza na Bagika hakusema ndiyo wala hapana. Alichopinga ni hesabu: anasema michoro 3,600 si sahihi, kwa sababu kila bibi anapofunguliwa kanga na upepo yeye huchora picha zote 24 za kila sekunde bila kuzishikilia, na sehemu hizo ni karibu dakika nzima. Mke wake akauliza ni michoro mingapi zaidi.

Kikokotoo
Dakika nzima kwa 24 ni 1,440 badala ya 720. Inaongezeka 720, jumla 4,320.

Mama Sengerema
Mwanangu Mhariri, dada wa marehemu mama yangu anaishi Nansio, huko huko Ukerewe. Ana miaka sabini na mitano, anazungumza taratibu, na upepo wa ziwa anaufahamu kwa majina. Alhamisi navuka kwenda kumwona. Niandikie maneno ya bibi kwa herufi kubwa, maana macho yake hayako vizuri.